Aende au Arudi

Maji ya moto yakigusa nywele za plastiki hutoa harufu ambayo sijawahi kukutana nayo mahali pengine. Inafanana kidogo na mfuko wa nailoni uliosogezwa karibu na jiko, na kidogo na nguo inayopigwa pasi ikiwa bado mbichi. Majuzi nilikuwa nimemaliza kusukwa katika saluni moja hapa Umoja. Msichana akazikusanya ncha za rasta zangu, akazichovya kwenye beseni ili zisifumuke, mvuke ukanipanda usoni, nami nikawa na miaka tisa. Aliniuliza kama maji yameniunguza. Nilimwambia hapana, aendelee.

Saluni ya mama yangu ilikuwa mtaa wa Baba Dogo. Kilikuwa kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya waridi upande wa mbele peke yake, kwa kuwa rangi iliishia hapo. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa kiwanda cha mabeseni alikofanya kazi baba, na mashine zilipokuwa zinanguruma vioo vyetu vilitikisika kidogo, mteja akajiona usoni anatetemeka. Tulikaa mtaa wa Lucky Summer, mwendo mfupi kwa miguu. Baba alikuwa Mkamba, mama Mluhya, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyowakutanisha.

Jumamosi nilikuwa mfanyakazi. Niliketi kwenye kigoda na kuzichambua nywele bandia katika mafungu yaliyolingana, nikimpokeza mama huku na kumpokeza Minayo kule. Minayo alikuwa binti wa jirani wa nyanya yangu mzaa mama. Alikuja mjini kujifunza kazi kwa mama, akawa mtu wa saluni moja kwa moja. Nilimwita anti. Alikuwa na mikono myepesi, lakini watu hawakumfuata kwa sababu ya mikono. Walifuata hadithi.

Rasta nyembamba zilimaliza siku nzima. Shingo ya mteja huchoka, makalio hufa ganzi, na mtoto wake huanza kulia. Minayo aligundua kwamba mtu akiwa anasubiri kujua kilichotokea, haulizi umebakisha rasta ngapi. Kwa hiyo alisimulia. Hakuwa na kitabu, alitunga pale pale, na jioni alikata hadithi mahali pabaya kabisa. Mama alikuwa akisema wako wateja wanaofumua nywele ambazo hazijachakaa ili wapate sababu ya kurudi.

Hadithi iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya Selina. Selina aliuza mandazi kwenye geti la kiwanda. Siku moja mabomba ya mtaa wote yalikauka, na hayakukauka kwa siku mbili tatu kama tulivyozoea sisi, yalikauka kabisa. Ikajulikana kwamba jitu limehamia milimani, limeukunja mto kama shuka, limeutia guniani na kulifunga gunia kwa kufuli. Jitu hilo lilitembea na funguo zimening'inia kiunoni, na Minayo alipoiga sauti yake wateja walicheka hadi wakashika vichwa, kwa maana ilikuwa sauti ya mwenye ploti ambaye wengi wao walikuwa wapangaji wake. Selina alilifunika beseni la mandazi, akamwachia jirani, akaenda kuutafuta mto. Alilala ndani ya tairi la trekta. Alivuka daraja lililomdai kila mtu jina la nyanya yake. Mwishowe alijipatia kazi ya kulisuka jitu nywele, maana Minayo angempa kazi gani nyingine, akalisuka taratibu mpaka likasinzia, kisha akachukua funguo.

Jumamosi ile gunia lilifunguliwa. Mto ukamwagika, ukashuka bondeni wenyewe kuelekea nyumbani. Mimi nilifikiri hadithi imefika mwisho, lakini Minayo alikuwa na jambo lingine.

Akasema kwamba maji yalikuwa yametangulia. Watu wa mtaa walikuwa wameshaanza kujaza mitungi, na hawakumhitaji Selina ili maji yaendelee kutiririka. Basi alikuwa amesimama juu ya mlima. Njia ya kushoto ilikuwa ya kurudi. Kwenye njia ya kulia kulikuwa na wasafiri waliokuwa wamemzoea, wanaelekea nchi ambayo mtu wa kwao hajawahi kufika, nao walikuwa wamemwambia nafasi yake ipo.

"Sasa ninyi niambieni," Minayo alisema. "Aende au arudi?"

Minayo alikuwa akimsuka Mama Brayo, aliyekuwa na kibanda cha mboga ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa akimsuka mwalimu mmoja wa chekechea. Mama Brayo alijibu kwanza. Alisema arudi, kwa kuwa kazi iliyompeleka ameimaliza. Mwalimu akasema mtu anaweza kwenda kuona tu, si lazima awe ametumwa. Wakajibizana kidogo, kwa sauti ya kawaida, kisha Mama Brayo akauliza swali ambalo lilinifanya niinue macho.

"Ana mtoto?"

Kichwani mwangu Selina alikuwa msichana wa rika langu, labda mkubwa kidogo kwa sababu ya mandazi. Nilingoja Minayo amkatalie. Badala yake alifikiri, akatia mafuta kwenye vidole.

"Tuseme anaye."

"Na huyo mtoto ana baba?" mwalimu akauliza.

"Anaye. Baba mpole."

Niliona wameiharibu hadithi. Selina aliyelala ndani ya tairi sasa alikuwa na mume na mtoto, na wanawake wazima walikuwa wakiulizana nani atampikia huyo mtoto, kama huyo baba mpole amekubali au amenyamaza tu, na huko waendako kuna usalama kiasi gani. Hawakuwa wakimtazama mama. Leo najua kwamba hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu katika saluni yenye vioo watu hutazamana muda wote. Mama naye alikazia macho mstari aliokuwa akiugawa kwenye kichwa cha mwalimu, ambao tayari ulikuwa umenyooka.

Katika Kiswahili, ukishamtaja mtu mara moja huna haja ya kumtaja tena. Aende. Arudi. Neno linamtosha yeyote aliye mbele yako. Watu wote ndani ya kibanda kile walijua wanamzungumzia nani, isipokuwa mimi.

Nikasema kutoka kwenye kigoda changu, "Aende. Akirudi hadithi inaisha."

Mama Brayo alicheka sana. Mama hakucheka. Jioni, tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani, aliniuliza kwa nini nilisema vile. Nilimweleza kwamba Selina akirudi atauza mandazi tu, na nani atataka kusikia habari za mandazi. Aliniuliza kama mandazi ni mabaya. Nikasema si mabaya. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa.

Haikupita muda mrefu, tukiwa tunakula, mama alisema ataenda Juba kufanya kazi na rafiki yake Pauline, aliyejifunza naye kazi ya nywele. Pauline alikuwa amefungua saluni huko na alihitaji mtu anayemwamini. Ingekuwa mwaka mmoja, kisha wangeangalia. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamia sahani yake, anamega ugali vipande vidogo bila kuvila. Akasema mama ametafakari vya kutosha na mimi ni msichana mkubwa.

Nilielewa papo hapo, kwa namna mtoto anavyoelewa. Mama aliniuliza, mimi nikamwambia aende, na sasa anaenda. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa namzungumzia Selina, lakini baba alikuwa ameshaanza kueleza habari za basi na mipaka, na sikupata pa kuingilia.

Jioni ya kuamkia safari mama alinisuka mistari na kuivuta kuliko kawaida. Kichwa kiliniuma siku kadhaa. Maumivu yalipokwisha nilisikitika.

Minayo alibaki na saluni. Jumamosi ya kwanza nilisubiri wateja wapungue, nikamwomba amrudishe Selina. Nilimwambia kwamba nimebadilisha mawazo, njia ya kushoto ni nzuri zaidi, na kwamba akitaka anaweza kusema wasafiri wale walikuwa watu wabaya.

Minayo aliacha kufagia. Nafikiri aliniona vizuri siku ile, maana hakunidanganya.

"Siwezi kumrudisha kwa sababu wewe umemkumbuka," aliniambia. "Akirudi lazima awe na sababu yake mwenyewe. La sivyo atafika na kuanza kuchungulia nje dirishani, akiitamani njia."

Nilimchukia kwa jibu hilo muda mrefu. Selina hakutajwa tena. Minayo alianza hadithi nyingine, ya mapacha na mbuzi, na wateja waliokuwa wakiuliza kuhusu Selina aliwaambia bado yuko safarini, habari zake hazijafika.

Maisha yetu yalijipanga upya. Baba aliomba zamu ya asubuhi ili awe nyumbani jioni. Alijifunza kupika maharagwe baada ya kuyaunguza mara nyingi. Aliishusha rafu ya jikoni ili niifikie, akahamishia sukari, majani ya chai na chumvi kwenye mikebe ya rangi tofauti kutoka kazini. Nilijifunza kufua sare yangu na kusonga ugali wa watu wawili. Minayo alinisuka kila baada ya wiki mbili. Saluni nayo ilibadilika. Alikodi kibanda cha pili na kutoboa mlango katikati, akamchukua msichana mwingine wa kumsaidia, na watu wakaanza kuiita saluni "kwa Minayo" badala ya "kwa Mama Mwende". Mama Mwende alikuwa mama yangu. Nilimsikia akipotea kidogo kidogo katika maelekezo ya njia.

Kila Jumapili mama alipiga simu. Baba aliweka sauti juu na kuilaza simu mezani katikati yetu. Mama alieleza kuhusu joto linaloanza kabla ya jua, mto mpana mara kadhaa kuliko barabara ya Outer Ring, saluni iliyokuwa ndani ya kontena, jenereta lililozimika mteja akiwa nusu kichwa, na wanawake waliokuja wakizungumza lugha ambazo hakuwa na hata salamu zake. Alikuwa amejifunza kusema khalas, yaani imekwisha, akimaliza kichwa. Alikuwa amewahi kusuka bibi harusi hemani. Na alicheka. Hicho ndicho ninachokumbuka kuliko joto na mto. Alicheka kicheko kirefu, chenye kukatika katikati, ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Nilimtazama baba nikaona kwamba yeye alikifahamu. Alikuwa akitabasamu, anatazama simu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya zamani.

Nilijua basi kwamba mama ana furaha, na kwamba anaipata mahali ambapo sisi hatupo. Sikujua la kufanya na jambo hilo. Nilimalizia chai yangu.

Alirudi karibu na Krismasi. Alikuwa amekonda, mweusi zaidi, amevaa gauni refu la kitambaa chepesi, na alitembea kama mtu aliyezoea mahali penye nafasi. Alinishika mabega akanipima kwa macho. Siku ya kwanza tulikuwa na wageni. Siku ya pili baba alienda kazini, mama akaingia jikoni kupika, nami nikakaa mlangoni nimtazame. Alifungua mkebe wa bluu, akaufunga. Akafungua wa kijani. Akasimama katikati ya jikoni kwake.

"Mwende," akasema, "chumvi mnaweka wapi?"

Mnaweka. Nilimwonyesha mkebe mwekundu. Akachota, akatia kwenye sufuria, akakoroga, kisha akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, bado ameushika mwiko. Hakuwa analia. Alikuwa tu amekaa. Nikaona kwamba nikichelewa kusema sitasema tena.

"Mimi ndiye niliyekwambia uende."

Alihitaji muda kukumbuka. Nilipomkumbusha habari za Selina na mandazi, aliinua nyusi, na kwa dakika moja nilidhani amekasirika.

"Wewe unafikiri nilitumwa Juba na mtoto wa darasa la nne?" akaniuliza. "Nilikuwa nimeshamwambia Pauline ndiyo kabla ya hapo. Baba yako alijua. Minayo alijua. Kama ungesema arudi ningekwenda vile vile, na pengine ningelia njiani."

Nilibeba jambo lile mwaka mzima, kumbe halikuwa langu. Niliona nafuu, na pia niliona kama nimenyang'anywa kitu. Mama aliniuliza kama Minayo alimrudisha Selina. Nilimwambia nilimwomba akakataa, akasema lazima awe na sababu yake mwenyewe. Mama aliurudisha mwiko kwenye sufuria.

"Minayo alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema, na akaongeza maji kwenye mchuzi.

Sikukuu zilipokuwa zinaisha Pauline alianza kupiga simu. Mama aliongea naye nje, karibu na kamba za nguo, na sisi ndani tulipunguza sauti bila kukubaliana. Baba hakumuuliza kitu. Siku moja nilimfuata mama kambani nikamwambia kwamba safari hii mimi nasema asiende.

"Safari hii sijakuuliza," alijibu. Alisema kwa upole, na alinipa upande mmoja wa shuka tulikunje.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, alikwenda saluni, si kufanya kazi bali kusukwa. Ilijaa. Mama Brayo alikuwepo, mwalimu alikuwepo, na wengine waliokuja baada ya yeye kuondoka, ambao walimsogelea kwa heshima kama mgeni wa Minayo. Minayo alimkalisha kwenye kiti kikubwa mbele ya kioo kipya, akaanza kumgawa nywele. Nilichukua kigoda changu, ingawa magoti yalikuwa yamekipita.

Mama Brayo ndiye aliyelianzisha. Alisema yeye si kijana, anataka kujua yaliyompata Selina kabla hajafa. Wengine wakadakia. Minayo aliendelea kusuka. Akasema yeye habari hizo hana.

"Mwulizeni aliyetoka safarini," akasema.

Mashine za kiwandani zilikuwa zinanguruma. Mama alijitazama kwenye kioo, akitetemeka kidogo kama sote.

"Alirudi," mama akasema. "Lakini kwanza alienda. Mjue hivyo. Alifika kule na akaona."

"Kulikuwaje?" mwalimu akauliza.

"Kuzuri. Angeweza kukaa. Hakuna aliyemfukuza." Alisubiri Minayo afunge msuko aliokuwa nao. "Alikuwa anataka kujua kama anaweza. Alipojua, akawa hana tena swali la kumweka huko. Basi akashuka. Alipofika getini alikuta maji yanatiririka na watu wana mambo yao. Na mahali pake alimkuta msichana mwingine anauza mandazi. Mandazi yenyewe mazuri kuliko yake."

"Akafanyaje?" Mama Brayo akauliza.

"Akanunua moja. Akala."

Wako waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nikiangalia mikono ya Minayo. Ilikuwa imesimama.

"Alipomaliza kula," mama akaendelea, na sasa alikuwa akimtazama Minayo kupitia kioo, "akamwuliza yule msichana kama anahitaji mtu wa kumsaidia. Hakumwambia hapa palikuwa pangu. Alimwuliza tu."

Safari hii nilielewa pamoja na wengine. Nilielewa Juba imekwisha, na nilielewa pia kwamba kibanda kile, pamoja na mlango uliotobolewa katikati na wateja waliojazana, si chetu tena, na mama ndiye amesema hivyo mbele ya watu ili asiweze kulirudisha neno. Minayo alikuwa na machozi ambayo hakuyafuta kwa kuwa vidole vilikuwa na mafuta.

"Anahitaji," akasema. Akachukua fungu la nywele kutoka mkononi mwangu, akaendelea.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe, nilimwuliza mama kama alirudi kwa ajili yangu. Alifikiri kabla ya kujibu, na nilimshukuru kwa kufikiri. Alisema mimi nilikuwa sababu ya kutaka kurudi kila siku, lakini kutaka ni kitu kimoja. Alirudi siku alipoamka akajua hana cha kuthibitisha tena. Hapo nilikumbuka jinsi nilivyomchukia Minayo bure.

Jumatatu iliyofuata Jumamosi ile ya Selina, mama alivaa aproni na kwenda kazini. Alipewa kiti cha pili, karibu na mlango, pale vumbi linapoingia. Nilipitia hapo nikitoka shule. Mteja mmoja mgeni, aliyekuja kwa sifa za mahali, alimwona ni mkubwa kwa umri akamsogelea, akamwuliza kama ndiye mwenye saluni. Mama alikuwa na shanuo mkononi. Alilielekeza kwa Minayo.

"Mwenyewe ni yule," akasema, kisha akaniambia nimvutie mteja kiti.